Habari za kijiji kimoja cha Mayo, Ireland: kwa nini taarifa ndogo kule si ndogo

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, salaam.

Ninaishi magharibi mwa Ireland, katika kaunti ya Mayo, kwenye kijiji chenye kanisa, shule ya msingi, baa mbili, uwanja wa michezo na duka moja lenye pampu ya mafuta mbele yake. Kazi yangu ni kuwatunza wazee katika makao yao yaliyo kilomita chache kutoka hapo. Jina la kijiji sitalitaja, kwa sababu ni kidogo mno na majirani zangu hawajaniomba niwatangaze. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila ninapopiga simu nyumbani Muheza huulizwa habari za huku, na nikianza kueleza kwamba ndama wa jirani amepotea au kwamba basi la Alhamisi limebadilishiwa saa, ndugu zangu hucheka na kunitaka niwape habari zenyewe. Ninataka kueleza kwa utulivu kwamba hizo ndizo habari zenyewe.

Jumamosi jioni, watu wanapotoka kwenye Misa ya mkesha wa Dominika, mlangoni pa kanisa hukuta karatasi moja iliyokunjwa katikati, imechapwa pande zote mbili kwa herufi ndogo. Ya wiki iliyopita ninayo hapa mezani. Juu kabisa pana ratiba ya Misa na majina ya marehemu wanaoombewa. Chini yake ni sadaka ya Jumapili iliyotangulia, imeandikwa mpaka senti ya mwisho. Kisha namba zilizotoka katika bahati nasibu ya klabu ya michezo, pamoja na maelezo kwamba zawadi kubwa haikupata mshindi na kwamba watu 4 wamepata euro 30 kila mmoja. Upande wa pili, wenye mbwa wanaonywa wawafunge usiku kwa kuwa huu ni msimu wa kondoo kuzaa. Kutakuwa na mafunzo ya kutumia ile mashine ya kushtua moyo iliyotundikwa kwenye ukuta wa duka, na aliyeokota kifaa cha kusaidia kusikia karibu na lango la makaburi anaombwa akifikishe dukani.

Mgeni akiisoma karatasi hiyo ataiona haina kitu, nami mwaka wangu wa kwanza niliiona hivyo hivyo. Ilinichukua muda kutambua kwamba kila mstari wake unamtaka mtu fulani afanye jambo fulani: afunge mbwa, awahi basi, ajifunze kumwokoa jirani aliyeanguka, ainamishe macho anapopita langoni. Kwetu tunasema la mgambo likilia kuna jambo, na karatasi hii ndiyo mbiu yao ya mgambo.

Mbiu kubwa kuliko zote ni ya msiba. Redio ya kaunti yetu, Midwest Radio, husoma matangazo ya vifo kila siku, na katika makao ninayofanya kazi hakuna anayethubutu kuzungumza wakati huo. Vijiko huwekwa chini, na chai ikipoa basi imepoa. Tangazo lina mpangilio wake ambao haubadiliki. Linataja jina la marehemu, na kama ni mwanamke aliyeolewa linataja pia ukoo aliozaliwa, ili watu wa kwao wa zamani wajue kwamba ni binti yao aliyeondoka. Linataja kitongoji chake, kwa kuwa Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000 vyenye majina ya kale, na koo za jina moja ni nyingi kiasi kwamba bila kitongoji huwezi kujua ni nani. Kisha hutaja waliomtangulia, waliobaki, saa ambazo nyumba itakuwa wazi kwa waombolezaji, Misa ya mazishi ni saa ngapi na kaburi liko wapi. Tangu 2005 kuna pia tovuti inayoitwa RIP.ie inayokusanya matangazo haya kwa nchi nzima, na watoto walioko Boston au Sydney huifungua kila asubuhi kabla ya jambo lingine lolote. Ilinunuliwa na kampuni ya gazeti la The Irish Times mwaka 2024, na tangu Januari 2025 kila tangazo hutozwa euro 100. Ada hiyo ilileta manung'uniko mengi, na mimi naona manung'uniko hayo yalikuwa ya haki, kwa sababu tangazo la kifo kule ni kama njia ya kwenda kisimani: mtu haoni sababu ya kulipia.

Niruhusuni nielezee msiba wenyewe, maana hapo ndipo nilipokielewa kijiji. Kwa kawaida mazishi hufanyika ndani ya siku mbili au tatu. Jioni kabla ya mazishi mwili hulazwa nyumbani au kwenye chumba cha maombolezo, jeneza likiwa wazi, na watu huanza kuja saa kumi hadi saa mbili usiku. Mara ya kwanza nilipokwenda, mvua ilikuwa ikinyesha ya ubavuni, na kabla sijaiona nyumba niliona taa za tochi barabarani. Walikuwa wanaume wa kijijini, wamevaa vizibao vya reflekta vya rangi ya njano, wakielekeza magari kuingia kwenye shamba ambalo jirani alikuwa amelimwagia kokoto asubuhi ile ili magurudumu yasizame. Hakuna aliyewalipa, na sidhani kama kuna aliyewaomba. Mlangoni kulikuwa na foleni inayozunguka nyumba. Unaingia, unampa mkono kila mmoja wa wafiwa waliokaa mstari mmoja, unasema maneno machache ambayo maana yake ni pole kwa msiba, unasimama kidogo mbele ya marehemu, kisha unasukumwa kwa upole hadi jikoni, ambako wanawake wa majirani wana birika tatu za chai na sinia za mikate iliyotiwa nyama ya nguruwe au mayai. Mimi Mswahili sikufundishwa cha kusema. Neno pole nililizaliwa nalo, nikalitafsiri tu, na mama mjane alinishika mkono kwa mikono yake miwili kama ambavyo bibi yangu angefanya.

#2 Mchangiaji kutoka Same

Kaka, ahsante kwa uzi huu. Umenikumbusha msaragambo wa kwetu Upareni, ambapo pembe la kudu likipulizwa alfajiri kila nyumba hutoa mtu wa kwenda kuzibua mfereji au kutengeneza barabara. Ninaomba kuuliza: hao wanaume wa tochi wana uongozi, au kila mtu anajua tu mahali pake? Na je, moyo huo upo kwenye misiba pekee, au hata kwenye kazi?

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, umegusa penyewe. Wana neno la Kigaeli, lugha ya jadi ya Ireland, meitheal, ambalo ukinitaka nilifasiri sitakwenda mbali na msaragambo wako: ni kundi la majirani wanaokusanyika kumfanyia mmoja wao kazi ya msimu, wakijua kwamba kesho zamu itakuwa ya mwingine. Zamani lilikuwa la kuvuna nafaka na kukata majani ya mifugo. Siku hizi mashine kubwa za kukodi zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini nimeliona kwa macho yangu kwenye kinamasi. Huko watu hukata udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, huupanga vipande vipande vifanane na matofali marefu, huvisimamisha vitatu au vinne vikiegemeana ili upepo upite katikati, na vikikauka huvipeleka nyumbani kuwa kuni za majira ya baridi. Kuvisimamisha ni kazi ya mgongo kuinama tangu asubuhi hadi jioni, na mdudu mdogo wa huko anauma kuliko mbu wetu. Tangu Oktoba 2022 kuuza kuni hizo madukani, mtandaoni au kwa matangazo kumekatazwa kwa sababu ya moshi, ingawa mwenye haki ya kukata kwenye kinamasi chake bado anaruhusiwa kujikatia, na suala hilo likitajwa baani huwezi kutoka mapema.

Kuhusu uongozi wa wanaume wa tochi, wengi wao ni wa klabu ya michezo. Chama cha michezo ya jadi, GAA, kilianzishwa Thurles mwaka 1884, na vijijini karibu kila parokia ina klabu yake. Wachezaji hawalipwi mshahara, hata wale wa timu ya kaunti wanaotazamwa na watu zaidi ya 80,000 katika uwanja wa Croke Park. Mtu anayekuongoza pa kuegesha gari msibani Jumatano ndiye anayechora mistari ya uwanja Ijumaa.

Mfano mkubwa zaidi niliouona ni dhoruba ya Éowyn. Ilipiga alfajiri ya Ijumaa, 24 Januari 2025, nchi nzima ikiwa imewekewa onyo jekundu, la hatari kuliko yote, na huko Mace Head, kaunti ya Galway iliyo jirani yetu, upepo ulipimwa kasi ya zaidi ya kilomita 180 kwa saa, ukavunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1945. Nyumba, mashamba na biashara 768,000 zilikosa umeme. Sisi tuliozoea mgao tunaweza kudhani giza ni jambo dogo, lakini huku nyumba nyingi za mashambani huvuta maji kwa pampu kutoka kisima chao wenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika maji nayo yamekatika, na chombo cha kupasha joto kimezimika katikati ya Januari. Minara ya simu ilizimika baada ya betri kwisha. Miti ya misonobari iliyopandwa kando ya nyaya ilikuwa imelala juu ya nguzo kama mabua.

Siku ya pili mtu mmoja alibandika karatasi kwenye mlango wa duka, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ukumbi wa klabu uko wazi, kuna jenereta, kuna maji ya moto ya kuoga, kuna mahali pa kuchajia simu, chai ipo. Chini yake palikuwa na orodha ya nyumba za wazee wanaoishi peke yao, si kwa majina bali kwa vitongoji, na mbele ya kila kitongoji mtu aliyekwisha kupita aliweka alama ya tiki na saa. Nilisimama mbele ya karatasi ile kwa muda mrefu. Zile redio za betri ambazo vijana walikuwa wakizicheka zilitolewa kabatini, na kwa siku kadhaa kijiji kizima kiliishi kwa karatasi na redio. Baadhi ya nyumba zilikaa zaidi ya wiki mbili bila umeme, na mafundi walikuja hata kutoka nchi nyingine za Ulaya kusaidia kuzirudisha nyaya.

#4 Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu mwanzisha uzi, nakuheshimu, lakini niruhusu nipinge kidogo. Hayo unayoyasifu, kwetu mtaani yana jina lake, nalo ni umbeya. Kijiji kinachojua nyumba ipi mzee anaishi peke yake kinajua pia nani amegombana na mkewe na nani anadaiwa dukani. Je, huoni kwamba unapamba?

#5 Mwanzisha uzi

Swali lako ni la haki, ndugu yangu, na sitalikwepa. Umbeya upo. Mgeni akinunua dawa mjini asubuhi, jioni anaulizwa kama anajisikia nafuu. Ugomvi upo pia, na mwingi huanzia kwenye ardhi. Anayetaka kujenga nyumba lazima aweke tangazo kwenye kiwanja chake mahali linaposomeka kutoka barabarani, na ndani ya wiki 5 tangu maombi yapokelewe mtu yeyote anaweza kulipa euro 20 na kuwasilisha maoni yake kwa baraza la kaunti. Barua hizo husomwa na umma. Nimeona majirani wawili waliokaa benchi moja kanisani kwa miaka wakihama kila mmoja upande wake kwa sababu ya barua kama hiyo. Nchi hii ina kumbukumbu ndefu ya ardhi, na Mayo kuliko kwingine: Chama cha Ardhi kilichopigania haki za wapangaji kilianzishwa mjini Castlebar mwaka 1879, na mwaka uliofuata, kando ya ziwa Mask, wapangaji na vibarua walimsusia wakala wa mwenye ardhi aliyeitwa Kapteni Boycott, hata hakupata wa kumvunia wala wa kumuuzia mkate, jina lake ndilo Waingereza wanalolitumia hadi leo kwa maana ya kususia. Kijiji kinachojua kukusanyika kinajua pia kutenga, na hilo linanitia hofu mara nyingine.

Hata hivyo natofautisha. Umbeya hunong'onwa, hauna mwenyewe, na haukutaki ufanye chochote isipokuwa uupeleke mbele. Taarifa ya karatasi ina mwandishi anayejulikana, inasomwa na kila mtu kwa pamoja, na ikikosewa husahihishwa wiki inayofuata. Magazeti ya kaunti, kama Western People la Ballina lililoanza mwaka 1883, yana kurasa za habari za vijijini zinazoandikwa na watu wa vijiji hivyo hivyo. Mwandishi wa kwetu ni mama aliyestaafu ualimu, ambaye huandika kwa mkono kwanza, kisha mjukuu wake humpigia chapa. Aliniambia kwamba kanuni yake ni moja: haandiki jambo ambalo hataweza kulisoma kwa sauti mbele ya mhusika dukani.

#6 Mchangiaji kutoka Kitui

Mimi nimelelewa na mapadri wa Kiayalandi hapa Kitui, wale wa Kiltegan, na shule niliyosoma waliijenga wao. Nilikuwa nikisikia wakitaja vijiji vyao kwa hamu kubwa. Je, huko bado kuna mapadri? Na watu wanakumbuka kwamba walikuja kwetu?

#7 Mwanzisha uzi

Wanakumbuka, tena sana. Shirika la Kiltegan lilianzishwa mwaka 1932 katika kijiji cha jina hilo, kaunti ya Wicklow, na ukitaja Kitui au Turkana mbele ya wazee ninaowatunza, mara nyingi kuna mmoja aliyekuwa na kaka, binamu au mtawa wa ukoo aliyekwenda huko. Kila Kwaresima kuna kijisanduku cha karatasi kinachotolewa na Trócaire, shirika la misaada la Kanisa lililoanzishwa mwaka 1973, ambacho huwekwa juu ya meza ya jikoni na watoto hutia senti ndani yake. Mzee mmoja aliniambia kwamba alilifahamu neno Kenya kutoka kwenye sanduku kabla hajalifahamu neno Uingereza.

Lakini mapadri wenyewe ni wachache sasa, na walio wengi wamezeeka. Parokia zinaunganishwa, padri mmoja anazunguka makanisa matatu, na baadhi ya waliokuja kujaza nafasi hizo wametoka Afrika na India. Kwenye karatasi ya Jumamosi mstari unaosomwa kwa wasiwasi kuliko yote siku hizi ni ule wa ratiba, kuona kama Misa ya kijiji imebaki. Na si kanisa pekee. Mwaka 2018 ilikubaliwa ofisi za posta 159 zifungwe kwa mkupuo, wasimamizi wake wakistaafu, na ya jirani yetu ilikuwa mojawapo. Mtu wa mjini anaweza kudhani ofisi ya posta ni ya barua. Kwa mzee wa mashambani ilikuwa mahali pa kuchukulia pensheni kila Ijumaa, na asiyeonekana Ijumaa alikuwa anatafutwa Ijumaa ile ile. Mayo ilikuwa na watu karibu 389,000 katika sensa ya 1841, kabla ya njaa kuu iliyoletwa na ugonjwa wa viazi; sensa ya 2022 ilihesabu kama 138,000. Watu wanaotembea hapa kando ya matuta ya viazi yaliyoachwa, ambayo bado yanaonekana kwenye nyasi jua likiwa chini, hawahitaji kuelezwa maana ya mahali kupungukiwa watu. Kwa hiyo darasa la kwanza likipata watoto 9 badala ya 5, hiyo ni habari ya ukurasa wa kwanza, na ni halali yake.

Niongeze moja kuhusu mpira, kwa sababu linarudi msibani. Mayo haijashinda ubingwa wa Ireland wa kandanda ya kigaeli, mmoja wa ile michezo ya jadi ya GAA, tangu 1951, na tangu 1989 imepoteza fainali 11. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba timu ile ya 1951, ikirudi na kombe juu ya lori, ilipita mjini Foxford penye mazishi bila kusimama, na ikalaaniwa. Wachezaji wenyewe walikana walipoulizwa, na wa mwisho kati ya waliocheza fainali ile alifariki mwaka 2021 bila kombe kurudi. Mimi siiamini laana hiyo. Ninachokiona ni kwamba watu hawa, walipotafuta kosa kubwa la kutosha kueleza miaka yote hiyo ya machozi, walilolifikiria ni kutosimama mbele ya jeneza.

#8 Mchangiaji kutoka Arusha

Kaka, mimi ni muuguzi msaidizi, na nimepata mkataba katika makao ya wazee huko huko magharibi mwa Ireland. Ninaondoka mwezi ujao na nina hofu ya upweke. Wewe ukiwa umetangulia, nianzie wapi?

#9 Mwanzisha uzi

Dada yangu, hongera na karibu. Upweke wa miezi ya kwanza upo, sitakudanganya, hasa Desemba jua linapozama kabla ya saa kumi na moja jioni. Hata kama wewe si Mkatoliki, Jumamosi ya kwanza ipitie karatasi mlangoni pa kanisa, ama iombe dukani. Isome yote, ukaulize maana ya kila usichokielewa, kwa sababu anayeulizwa atakuwa amekufahamu. Uliza pia kama kijiji kina mpango wa kutumiana ujumbe wa simu wa tahadhari, ambao maeneo mengi huuendesha pamoja na polisi, na uandikishe namba yako. Kariri msimbo wa posta wa nyumba utakayokaa, maana kabla ya 2015 nyumba za mashambani hazikuwa na namba wala msimbo wowote, na dereva wa gari la wagonjwa bado anaweza kukuuliza uko karibu na shamba la nani. Nunua redio ya betri.

Na mzee unayemtunza akifariki, usiishie kwenye zamu yako. Sikiliza tangazo, uone nyumba itakuwa wazi saa ngapi, uende. Utaona watu wa vizibao vya njano barabarani, nao watakuonyesha pa kupita. Wafiwa hawatakujua mpaka utakapotaja jina la makao unayofanyia kazi. Hapo watakushika mkono na kukuuliza kama alikula jioni ile, alisema nini, alilalamika baridi au la. Uwajibu polepole, kwa yale uliyoyaona.